Jeep Moja, Kifaru Kimoja na Lori la Mjomba

Modeli ya kwanza niliyoikamilisha, yaani gari dogo la plastiki la kuunganisha na kupaka rangi kwa mkono, ni jeep aina ya Willys MB, ya kipimo cha 1/35, yenye urefu usiofika hata sentimita 10. Imesimama kwenye rafu ya vitabu sebuleni kwangu, mtaani Umoja, na wageni huisifu. Kosa lililomo halionekani mpaka ulijue: nimeichakaza upande usio wake. Nilipofika hatua ya kuonyesha mahali ambapo buti za dereva zimekwangua rangi kwa kupanda na kushuka, nilikwangua zaidi ukingo wa kulia, kwa sababu maisha yangu yote nimemwona dereva akiingia garini kwa upande wa kulia. Jeep ile ilisanifiwa Marekani, na usukani wake uko kushoto. Isitoshe, nilichora mchirizi wa petroli ukishuka ubavuni karibu na gurudumu la nyuma, mahali ambapo magari mengi ninayoyafahamu yana mfuniko wa tangi, ilhali tangi la Willys MB liko chini ya kiti cha dereva na hujazwa kwa kuinua kiti hicho.

Sijaifuta michoro hiyo wala sitaifuta. Ndiyo iliyonionyesha kwamba kuchakaza modeli, yaani kuipa vumbi, tope, kutu na mikwaruzo ili ifanane na gari lililofanya kazi, si kupaka uchafu mpaka macho yaridhike. Kila doa kwenye gari lina aliyelisababisha: mguu wa mtu, tairi, mvua, dizeli iliyomwagika. Nami sikuwa nimejiuliza ni nani. Nimetengeneza modeli 2 tu na ya 3 iko mezani, kwa hiyo ninaandika kama mwanafunzi kwa wanafunzi wenzangu. Ninaamini Nairobi ni mahali pazuri sana pa kujifunzia kazi hii, ila tu mtu ajue cha kuchukua kutoka barabarani na cha kukiacha huko huko.

Seti ya modeli ni sanduku la vipande vya plastiki vilivyoshikamana na fremu, kila kipande na namba yake, pamoja na karatasi ya maelekezo na karatasi nyingine ndogo yenye alama za kubandika kwa maji. Maduka ya bidhaa hizi mjini ni machache. Yangu ya kwanza ililetwa na binamu yangu aliyekuwa akirejea kutoka Dubai, na tangu hapo nimekuwa nikiwaagiza watu wanaosafiri. Vifaa vya kazi, hata hivyo, viko hapa hapa, na anayeanza asikubali kuambiwa kwamba ni lazima atoe kila kitu ng'ambo. Msasa laini wa namba 400, 600 na 1000 nilinunua Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanakuita Grogan, kwa sababu mafundi wa kunyoosha na kupaka rangi bodi za magari huutumia kila siku. Kibano changu ni kile cha kung'olea nyusi. Mkasi wa kucha ulinikatia vipande kutoka kwenye fremu kwa miezi 4 kabla sijapata koleo ndogo yenye upande mmoja bapa. Tapentaini iko katika duka lolote la rangi za nyumba, na rangi za mafuta za mirija huuzwa na maduka ya vifaa vya sanaa katikati ya jiji. Mrija mmoja wa kahawia iliyokolea umenitosha kwa modeli zote 3.

Kitu ambacho sikupaswa kukifanyia ubahili ni gundi. Gundi halisi ya modeli haibandiki tu. Huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki, ambayo ni polistireni, nazo zikikauka huwa kitu kimoja, kama chuma kilichochomelewa. Ile nyepesi sana, ya maji maji, unaigusisha kwenye ufa kwa ncha ya brashi nayo inajipenyeza yenyewe mpaka mwisho wa ufa. Gundi ya kawaida inayoshika kwa sekunde chache ina kazi yake, hasa kwenye vipande vya chuma, lakini niliitumia kubandikia kioo cha mbele cha jeep na mvuke wake ukaacha ukungu mweupe ambao haukutoka. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha isikaribie meza kabisa, kwa kuwa inayeyusha polistireni kabla hujajua kilichotokea. Na dirisha liwe wazi muda wote, hata Julai.

Kuhusu vipimo, 1/35 maana yake ni kwamba sentimita 1 ya modeli ni sentimita 35 za gari lenyewe. Namba hiyo ngeni ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa modeli ya kifaru cha Kijerumani cha Panther yenye mota ndani yake, na ukubwa wa bodi uliamuliwa na nafasi ya kuweka betri. Hesabu ilipopigwa, kipimo kikawa karibu 1/35, na watengenezaji wengine wakakifuata mpaka kikawa desturi. Kipimo cha 1/72, ambacho kina vifaru vidogo vya kutoshea kiganjani, kilitokana na mpango ulio wazi zaidi, kwani inchi 1 husimama mahali pa futi 6, ambazo ni inchi 72.

Hesabu hizi zinaonekana kama mambo ya pembeni, lakini kwangu zimekuwa ndizo breki. Mkwaruzo wa milimita 1 kwenye jeep yangu ni jeraha la sentimita 3 na nusu kwenye gari halisi, na kwenye modeli ya 1/72 ni zaidi ya sentimita 7. Tone la tope la milimita 3 ni bonge la zaidi ya sentimita 10. Mtu wa urefu wa mita 1.75 ana urefu wa sentimita 5 kwenye 1/35, na kiganja chake ni kidogo kuliko punje ya mchele. Nimeandika hesabu hizo kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ukutani mbele ya meza, kwa sababu mkono wenye brashi hupenda kuongeza, na hakuna kitu kinachoharibu kazi ya anayeanza kama kuongeza.

Kuunganisha vipande sitakuzungumzia kwa urefu. Karatasi ya maelekezo inatosha, mradi uparue kwa wembe ule mstari mwembamba unaoachwa na kalibu kwenye kila kipande, ujaribishe vipande vikavu kabla ya gundi, na usibandike magurudumu wala minyororo ya kifaru mpaka bodi ipakwe rangi. Usiku mzima wa kukauka ni bora kuliko saa 2. Nilipokuwa na haraka ekseli ya mbele ya jeep ilikauka ikiwa imepinda, na mpaka leo gurudumu moja haligusi chini.

Rangi nazo zinataka uvumilivu wa namna hiyo hiyo. Sina brashi ya hewa wala kompresa, na sioni kwamba anayeanza anahitaji kuvinunua mwanzoni. Brashi bapa laini, rangi ya akriliki iliyopunguzwa kwa maji mpaka iwe kama maziwa, na tabaka 3 nyembamba badala ya moja nene, vinatoa uso safi, kwa sharti kwamba kila tabaka likauke kabisa kabla ya linalofuata. Chini ya yote kuwe na rangi ya msingi, la sivyo akriliki itachubuka kwenye kona kila unapoishika modeli. Kisha kuna jambo ambalo macho hulikataa kwanza: rangi ya gari halisi, ukiitia ilivyo kwenye modeli, huonekana nzito mno. Kitu kikiwa mbali nawe hupauka, na modeli iliyo mkononi mwako ni kama gari lililosimama mbali. Kwa hiyo mimi huongeza rangi kidogo ya maziwa kwenye kijani, tone kwa tone, mpaka ile sura ya plastiki iliyopakwa iondoke.

Kila msimu wa Nairobi una neno lake kwenye kazi hii. Januari na Februari vumbi la majengo yanayoinuliwa pande zote za mtaa wetu hutua kwenye rangi mbichi, basi modeli hukaa chini ya beseni lililofunikwa huku nimelitegemezea kijiti ili hewa ipite. Julai, kwenye baridi, tabaka linalokauka kwa dakika 20 huchukua zaidi ya saa nzima, na rangi ya mafuta huweza kukaa siku 3 bado inanata. Nilikuwa nikiichukia Julai kwa ajili hiyo. Sasa naipenda, kwa sababu rangi ya mafuta isiyokauka haraka hukupa muda wa kuirekebisha, kuifuta na kuirudia.

Hapo ndipo inapoanza hatua ninayoipenda kuliko zote. Baada ya rangi kukauka, modeli hupakwa vanishi inayong'aa, na sababu si kuipendezesha. Uso mkavu usiong'aa, ukiutazama kwa karibu, umejaa vinundu vidogo. Alama za maji zikibandikwa juu yake hunasa hewa chini na kutoa mng'ao mweupe unaoonyesha wazi kuwa hii ni karatasi. Juu ya vanishi laini alama hulala, na rangi ya mafuta iliyoyeyushwa sana kwa tapentaini hukimbia yenyewe kwenye mifereji na kuzunguka misumari ya bodi, ikiacha kivuli chembamba mahali ambapo uchafu wa kweli hujificha. Akriliki iliyo chini haidhuriki, kwa kuwa tapentaini haiiyeyushi, na ukikosea unafuta kwa kitambaa. Mwisho kabisa vanishi isiyong'aa huurudishia uso ukavu wake. Mpangilio huu wa akriliki chini, vanishi katikati na mafuta juu ndio unaompa anayeanza ruhusa ya kujaribu bila hofu.

Lakini kujua namna ya kutia uchafu hakukuambii uutie wapi, na hilo sikulijua mpaka niliposimama mbele ya lori la Mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, huendesha lori la mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugo, ng'ambo ya Juja, na huyashusha kwenye viwanja vya ujenzi popote anapoitwa. Jioni moja ya Aprili, katikati ya mvua za masika, aliliegesha karibu na kwetu akaja kula. Baada ya chakula nikamwambia, "Mjomba, naomba nilitazame gari lako kabla halijaoshwa." Alinitazama kidogo, akachukua tochi yake, tukashuka pamoja. Alidhani nataka kuona injini. Nilipomweleza kwamba nataka kuona tope, hakushangaa. Alianza kunionyesha kama mtu anayemtembeza mgeni shambani kwake.

"Tope halipandi gari, mpwa wangu," aliniambia. "Tairi ndiyo inayolitupa. Fuata tairi utajua lilipo." Ndivyo ilivyokuwa. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kulikuwa na upinde wa matone ulioanza mnene chini na kuisha mwembamba juu, na haukufika katikati ya mlango. Ndani ya madigadi tope lilikuwa la matabaka: la chini kavu na la kijivu, la wiki iliyopita, la juu jeusi na bado linang'aa kwa maji. Mbele ya lori, uso wa kabini haukuwa na tope zito hata kidogo, ila vumbi lililolowa na kukauka mara nyingi. Kwenye kioo wipa zilikuwa zimefagia pepeo mbili safi, na nje ya pepeo hizo uchafu ulikuwa na mpaka mkali kama uliokatwa kwa kisu.

Juu ya kabini hali ilikuwa tofauti kabisa. Huko tope halikufika, lakini unga mweupe wa mawe ulikuwa umetulia, na mvua ilikuwa imeuchora mifereji kuanzia kwenye misumari na bawaba, yote ikishuka wima. Niliiandika hiyo kwa herufi kubwa, kwa sababu kwenye jeep yangu nilikuwa nimevuta michirizi kwa pembe, kama vile maji yanaweza kuchagua njia. Kipandio cha dereva kilikuwa chuma kitupu katikati, cheupe kwa kusuguliwa na viatu, huku pembeni rangi ya kiwandani ikiwa bado nzima. Karibu na kitasa palikuwa na weusi wa mafuta ya mikono. Bodi ya pembeni ya upande wa kushoto ilikuwa na mikwaruzo mingi kuliko ya kulia, na Mjomba alinieleza kwamba vijana wanaoshusha mawe husimama upande huo, kwa kuwa yeye huegesha ubavu wa kushoto ukielekea kiwanjani na wa kulia ukielekea magari yanayopita.

Nilinyoosha kidole kwenye doa kubwa jeusi chini ya mfuniko wa tangi nikasema, "Hii oili imevuja?" Akatikisa kichwa. "Oili iko chini huko kwenye injini. Hii ni dizeli. Petroli ikimwagika inaruka na hewa, dizeli inabaki, halafu vumbi linaikalia." Alipitisha kidole, nami nikaona kwamba doa lile halikuwa rangi moja: katikati lilikuwa jeusi na lenye unyevu, na pembeni lilikuwa limefifia kuwa kahawia pale vumbi lilipoushinda unyevu. Nilikuwa nimetazama malori maisha yangu yote, na hilo sikuwahi kuliona.

Usiku ule nilijaza kurasa 6 za daftari, na wiki iliyofuata nikaanza modeli yangu ya 2, kifaru cha Kisovieti cha T-34-85, ambacho uzalishaji wake ulianza mwaka 1944 na ambacho kwenye 1/35 kina urefu wa sentimita 23 hivi ukihesabu na mzinga. Nilitaka kiwe mojawapo ya vifaru vilivyoingia Berlin mwishoni mwa Aprili 1945, vyenye mstari mweupe kuzunguka kuba la mzinga ili ndege za upande wao zivitambue. Mengi niliyojifunza kwa Mjomba yalihamia pale bila taabu. T-34 hutumia dizeli na hubeba mapipa ya akiba ubavuni, basi nilitia doa chini ya kila mfuniko wa pipa, jeusi katikati na la kahawia pembeni. Gurudumu la meno linaloendesha mnyororo liko nyuma, kwa hiyo tope likakaa zaidi huko. Askari wa miguu wa Kisovieti walisafiri juu ya vifaru wakishikilia vyuma vilivyochomelewa ubavuni, na nilipovipitishia vyuma hivyo ncha ya penseli ya risasi vikapata ule mng'ao wa chuma kilichoshikwa na mikono mingi. Nilikaa nikikitazama kifaru kile muda mrefu usiku huo. Vile vishikio vilikuwa vya watu.

Hata hivyo nilikosea tena, na safari hii kosa lilitokana na bidii. Nilikuwa nimeandika kwamba kutu huanza pale jiwe lilipogonga na maji yakakaa, nikaitia kutu ya rangi ya machungwa kila kona ya kifaru, pamoja na kwenye minyororo. Lori la Mjomba lina miaka zaidi ya 20 na bodi yake ni bati jembamba. Kifaru kilichotoka kiwandani mwaka 1944 hakikuwa na muda wa kuoza, na deraya yake ni nene kiasi kwamba kutu huwa utando wa juu tu, wa kahawia. Minyororo inayotembea kila siku haipati nafasi ya kuwa ya machungwa: sehemu zinazokanyaga ardhi husuguliwa mpaka zinang'aa, na sehemu nyingine hubaki kahawia iliyokolea yenye udongo. Kutu ya machungwa kwa wingi ni ya gari lililoungua na kuachwa. Nikaifuta karibu yote, na ni vanishi iliyoniokoa.

Kosa la pili lilikuwa la udongo. Nilikuwa nimechota udongo mwekundu njiani nikitoka Kabete, nikauchekecha na kuupaka kwenye magurudumu ya kifaru, na ulipendeza sana. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa jiografia, aliutazama akaniuliza kifaru hicho kiko wapi. Nikamjibu, "Berlin." Akasema, "Berlin hakuna Kiambu." Wekundu ule ni wa chuma kilichooksidika kwenye udongo uliotokana na miamba ya volkano, udongo mzuri wa kahawa na chai, na nchi inayoizunguka Berlin, yaani Brandenburg, inajulikana kwa mchanga wake. Ndani ya mji wenyewe, wakati wa mapigano yale, barabara zilijaa vifusi vya matofali na lipu. Niliosha magurudumu, nikayatia unga wa kijivu uliopauka, na chembe kidogo za chaki nyekundu kwa ajili ya matofali.

Tangu hapo nimeshika kanuni ambayo ninaona inafaa kwa kila anayeanza hapa kwetu. Lori la Nairobi linaweza kukuambia kwa nini tope liko pale lilipo. Rangi ya tope hilo, na umri wa kutu, lazima uviulize kwa gari unalolitengeneza: lilikuwa wapi, mwezi gani, lilikuwa na umri gani. Hata ndani ya jiji hili hakuna tope moja. Magari yanayotoka Limuru na Kiambu yana wekundu unaoshika kila kitu, na yanayotoka Embakasi, Syokimau na Athi River yana ule udongo mweusi unaovimba kwa mvua, unaojikunja kwenye tairi kama unga wa ugali uliokandwa, na unaopasuka vipande ukikauka. Ukisimama Muthurwa siku ya mvua unaweza kukisia gari limetoka upande gani kabla hujasoma bango lake.

Kuhusu udongo wa kweli, wapo wanaoukataza kabisa kwenye modeli. Mimi sikubaliani nao, ila nakubali sababu yao: punje ya milimita 1 ni jiwe la sentimita 3 na nusu. Mimi huukausha udongo kwenye sufuria kuukuu, nikauponda, kisha nikauchekecha mara 2 kupitia soksi ya nailoni. Kinachopita ni unga kama poda. Kwa tope zito huuchanganya na gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, na kwa vumbi hautiwi chochote. Huwekwa mkavu kwa brashi laini na kushikizwa kwa tone la tapentaini. Chaki za rangi za wachoraji, zikisagwa kwenye msasa, hufanya kazi hiyo hiyo na zina rangi zaidi.

Kwa rangi iliyochubuka ninatumia kipande cha sifongo cha kuoshea vyombo, nakichovya kwenye kahawia iliyokolea, nakipangusa mpaka kibaki karibu kikavu, kisha nakigusisha kwenye kingo. Njia nyingine, nzuri ajabu, inatumia dawa ya kupuliza nywele kutoka duka la vipodozi: unapaka rangi ya kutu na vanishi, unapuliza dawa ile, ukishakausha unapaka akriliki ya juu, kisha unasugua taratibu kwa brashi yenye maji. Dawa huyeyuka chini na rangi ya juu hutoka vipande vipande kama ilivyo kwenye gari la kweli. Ijaribuni kwanza kwenye kipande cha fremu.

Wakati mwingine gari linapaswa kuachwa safi. Magari ya jeshi yanayopita kwenye gwaride la sherehe za kitaifa yameoshwa na kupakwa, na tairi zake zinang'aa. Anayetaka kuonyesha gari la namna hiyo hana haja na tope hata tone. Sikubaliani na dhana kwamba modeli chafu zaidi ni ya fundi bora zaidi.

Nimewahi kuulizwa nyumbani kwa nini nijishughulishe na vyombo vya vita. Jibu langu liko karibu na hapa. Kila nikipita Kariokor nakumbuka kwamba jina hilo ni Carrier Corps, wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, lililotamkwa kwa ulimi wetu, na kwenye Kenyatta Avenue sanamu za askari na mpagazi zimesimama tangu 1928. Katika vita vya pili Keya, yaani askari wa King's African Rifles, walipelekwa mpaka Burma. Magari ya vita hivyo yalipita kwenye ardhi hii, yakiendeshwa na kusukumwa matopeni na watu, na mara nyingi kilichoandikwa juu yao ni kidogo kuliko kilichoandikwa juu ya bunduki. Ninapotafuta mahali kiatu kilipokanyaga, ninamtafuta mtu.

Ndiyo maana modeli ya 3 si ya Ulaya. Ni gari la deraya la Marmon-Herrington, aina iliyoundwa Afrika Kusini juu ya shasi za malori ya Ford, na iliyokuwepo upande wa kaskazini mwa Kenya vikosi vya upande wa Waingereza viliposhambulia El Wak, kituo cha Waitaliano mpakani, tarehe 16 Desemba 1940, na tena mwanzoni mwa 1941 vilipovuka mpaka kuingia Ethiopia kuelekea Mega. Hili ni gari la petroli, basi hakuna doa la dizeli. Lilikuwa jipya wakati huo, basi hakuna kutu isipokuwa kwenye bomba la moshi, ambalo joto lake huunguza rangi mapema. Usukani wake uko kulia, na nimelihakikisha hilo kabla sijafungua hata kopo la rangi.

Limebaki suala la vumbi. Mwenzangu kazini, ambaye kwao ni Marsabit, aliporudi kutoka likizo aliniletea udongo ndani ya kopo la kahawa, akaniambia kwamba huo ni wa mlimani kwao tu, na kwamba nikishuka kuelekea Dida Galgalu nitakuta mawe meusi ya volkano, na Chalbi nitakuta weupe wa chumvi. Kwa hiyo gari moja lililosafiri siku 3 lingebeba zaidi ya rangi moja, la zamani chini na la karibuni juu, kama tope nililoliona ndani ya madigadi ya Mjomba. Nimechekecha udongo wa kopo lile jana usiku. Umetoa kijiko kimoja cha unga wa kahawia nyekundu, na kijiko hicho kinatosha. Tabaka la kwanza, lile la weupe, liko chini ya beseni tangu asubuhi, na kwa baridi hii ya Julai sitaligusa kabla ya Jumatano.